Faiba ya Mtaa ni ya Nani? Jua Hili Kabla ya Kutuma Mchango

Huenda umeshapata ujumbe kama huu kwenye kikundi chenu cha WhatsApp: "Majirani, tumepata watu wa kutuletea intaneti ya faiba. Kila nyumba itoe 5,000. Tuma kwa nambari hii, mwisho ni Ijumaa." Wengine wanatuma papo hapo kwa sababu kununua bando kila siku kumewachosha. Wengine wananyamaza. Mmoja anauliza, "Hiyo pesa ni ya nini hasa?" na anaambiwa aache kurudisha watu nyuma.

Sisi tuko upande wa huyo aliyeuliza. Siku mitaro itakapofukiwa na waya kufika mlangoni kwako, waya huo utakuwa wa nani? Ukikatika, nani ataamua utengenezwe lini? Bei ikipandishwa, nani ataulizwa kwanza? Na mwenye mradi akitaka kuuuza, nyinyi mliochanga mtapata nini?

Majibu ya maswali hayo hayatokani na aina ya waya. Yanatokana na jinsi pesa zenu zilivyoandikwa siku mlipozitoa. Katika somo hili tutaona jamii mbili za ng'ambo zilizojenga na kumiliki faiba yao wenyewe, tutaangalia hali ilivyo hapa Kenya, kisha tupige hesabu pamoja. Mwisho kuna maswali ya kuuliza kabla hujatuma hata shilingi moja.

Ada, mchango na hisa: usivichanganye

Pesa ikitoka kwenye simu yako kwenda kwenye mradi wa faiba, inaweza kuwa kitu kimoja kati ya vitatu.

Ya kwanza ni ada. Unalipa ili uunganishwe, basi. Wewe ni mteja. Waya ni wa kampuni, na kampuni ndiyo inayobeba hasara, matengenezo na faida. Si vibaya kuwa mteja. Watu wengi hawataki usumbufu wa kusimamia mitambo, na kulipia huduma iliyo nzuri ni uamuzi wa busara. Ubaya ni pale unapolipa kama mteja huku ukiamini wewe ni mwenye mali.

Ya pili ni mchango. Huu tunaujua vizuri, kwani harambee imetujengea shule na zahanati nyingi. Lakini mchango ukishatolewa umetolewa. Haukupi kura na haurudi, na ukihama mtaa unauacha nyuma. Mchango unafaa kwa kitu ambacho tayari kina mwenyewe anayejulikana, kama shule ya umma. Kwa waya ambao mwenyewe hajulikani, mchango ni zawadi kwa mtu ambaye bado hamjamjua.

Ya tatu ni hisa. Hapa pesa yako inaandikwa kwenye daftari la wanachama pamoja na jina lako, kiasi ulichotoa na tarehe. Inakupa sehemu ya umiliki na sauti kwenye mkutano. Kama uko kwenye SACCO, tofauti hii unaijua tayari: akiba yako unaweza kurudishiwa ukitoka, lakini mtaji wa hisa haurudishwi hivihivi, bali humhamishia mwanachama mwingine. Mkulima mdogo wa chai naye anaelewa, kwa sababu ana hisa kwenye kiwanda kinachosindika majani yake.

Kwa hiyo, ujumbe wa "kila nyumba itoe 5,000" haujakuambia kitu bado. Ni ada, mchango au hisa? Mpaka hapo pawe wazi, usitume.

Gharama ya faiba iko kwenye mtaro

Faiba ni uzi mwembamba wa kioo unaobeba habari kwa njia ya mwanga. Uzi mmoja unaweza kubeba data nyingi mno kuliko waya wa shaba wa simu za zamani, na mwanga wake hausumbuliwi na mvua wala na radio za jirani.

Kenya ilipata faiba ya kutoka nje mwaka 2009, nyaya za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa kupitia chini ya bahari. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, na intaneti ilikuwa ghali na ya polepole. Tangu wakati huo faiba imesambaa kutoka Pwani hadi miji mikubwa na makao makuu ya kaunti. Kinachobaki kigumu ni kile kipande cha mwisho, kutoka barabara kuu hadi mlangoni kwako.

Kwa nini kipande hicho ni kigumu? Uzi wenyewe si ghali sana. Ghali ni kuchimba mtaro, kulaza paipu, kupata ruhusa ya kupita kwenye mashamba na kandokando ya barabara, na kuwalipa watu wa kazi hiyo. Kampuni ikipiga hesabu ikaona nyumba ziko mbalimbali, inaruka eneo hilo na kwenda kwenye majumba ya ghorofa, ambako mtaro mmoja unafikia wateja mia.

Hapo ndipo jamii ina nguvu ambayo kampuni haina. Ardhi ya kupitisha waya ni yenu. Mikono ya kuchimba ni yenu. Mkitoa hivyo viwili, sehemu kubwa ya gharama inapungua. Lakini mkivitoa bure kwa mtu mwingine bila kuviandika, mtakuwa mmemjengea biashara yake.

Wakulima wa Lancashire walivyojichimbia

Kaskazini-magharibi mwa Uingereza, katika bonde la mto Lune huko Lancashire, kuna vijiji vidogo kama Arkholme na Quernmore. Nyumba zimetawanyika na mashamba ya kondoo na ng'ombe yamejaa kati yake. Kampuni kubwa za simu hazikuona faida ya kupeleka faiba huko, na intaneti iliyopita kwenye nyaya kuukuu za simu ilikuwa ya kukatisha tamaa.

Mwaka 2011 wenyeji walianzisha chama kinachoitwa Broadband for the Rural North, ambacho watu hukifupisha B4RN na kutamka kama neno la Kiingereza la ghala la shambani. Miongoni mwa walioongoza walikuwa Barry Forde, mtaalamu wa mitandao aliyewahi kufanya kazi Chuo Kikuu cha Lancaster, na Chris Conder, mwanamke wa jamii ya wakulima. Mwaka 2015 wote wawili walipewa nishani ya MBE kwa kazi hiyo.

Jambo la kwanza walilofanya lilikuwa kuchagua aina ya chama, kabla ya kununua waya. Waliandikisha chama cha manufaa ya jamii, aina inayotambuliwa na sheria za Uingereza. Katika chama cha namna hiyo, kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa za pauni 100 au za pauni 10,000. Hisa hazipandi bei wala haziuzwi sokoni. Anayetaka kutoa pesa zake anaomba chama kimrudishie, nacho humlipa kulingana na uwezo wake. Faida inatumika kwa manufaa ya jamii, na mali imefungwa kisheria isije ikauzwa watu wachache wakagawana.

Jambo la pili lilikuwa ardhi. Wenye mashamba walikubali waya upite kwao bila malipo. Mtaro uliopita katikati ya shamba laini ulikuwa rahisi kuuchimba kuliko ule wa kupasua lami, na kwa njia hiyo waliepuka gharama ambayo kampuni isingeweza kuikwepa.

Jambo la tatu lilikuwa kazi. Wanakijiji walichimba wenyewe, wengine kwa matrekta yao. Walijifunza kulaza paipu, kupuliza uzi wa faiba ndani yake kwa hewa yenye shinikizo, na kuunganisha ncha za nyuzi. Kazi ya kuchimba ilihesabiwa kwa mita, na mtu aliweza kuchukua malipo yake kama hisa. Zingatia hapo: jasho liliingia kwenye daftari. Aliyekuwa na pesa alinunua hisa kwa pesa, na mwenye nguvu aliweza kuzipata kwa jembe.

Walianza kwa kutoa kasi ya megabiti 1,000 kwa sekunde, kwenda na kurudi, kwa pauni 30 kwa mwezi. Wakati huo hata miji mingi ya Uingereza haikuwa na kasi hiyo majumbani. Leo mtandao huo umevuka Lancashire, umeingia maeneo ya jirani kama Cumbria, na una wateja zaidi ya 10,000.

Unaweza kusema, "Lakini hao ni Wazungu wenye matrekta." Ni kweli kwamba hali zetu hazifanani. Lakini kilichowafanya wawe wamiliki ni daftari, kura na katiba, na vitu hivyo kila chama hapa nchini kinavijua. Trekta liliharakisha kazi tu.

Catalonia: waya wa wote, huduma ya wengi

Uhispania nako kuna mfano wa namna nyingine. Mwaka 2004, katika wilaya ya Osona huko Catalonia, watu walianza kuunganisha nyumba kwa vyombo vya waifai vilivyofungwa juu ya paa. Mtandao huo unaitwa guifi.net, na mwaka 2009 ulianza kulaza faiba pia.

Wao hawakuunda kampuni moja yenye hisa. Waliweka masharti ambayo kila anayejiunga anayakubali: mtandao ni mali ya pamoja, kila mmoja anaruhusiwa kuutumia na kuuendeleza, na hakuna anayeweza kuufunga uwe wake peke yake. Juu ya waya huo wa pamoja, kampuni ndogondogo kadhaa zinauza huduma ya intaneti na kushindana kwa bei na kwa ubora. Gharama za kutunza mtandao zinagawanywa kati yao: anayeutumia zaidi kuliko alivyowekeza analipa, na aliyewekeza zaidi anafidiwa.

Fikiria barabara ya kijiji. Barabara ni ya wote, lakini matatu zinazopita ni za watu mbalimbali. Dereva mmoja akikuudhi unapanda gari la mwingine, na barabara inabaki palepale. Mtaa ukimiliki waya na kuacha huduma kwa kampuni zinazoshindana, unabaki na uhuru huo. Kampuni moja ikimiliki vyote viwili, ukitaka kuihama huenda ikabidi mtaro mwingine uchimbwe.

Hapa Kenya tuko wapi?

Mitandao ya kijamii ya aina hii si jambo geni kwetu. Kibera, Nairobi, kuna TunapandaNET, iliyoanzishwa na Taasisi ya Tunapanda, ambayo huunganisha shule na vituo vya vijana. Huo hutumia zaidi mawimbi ya waifai kutoka paa hadi paa kuliko faiba. Kwa mtaa wenye nyumba zilizobanana na usio na nafasi ya kuchimba, ni njia inayoeleweka. Wengi huanza hivyo, kisha wakalaza faiba pale wanapopata nguvu.

Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa mwongozo wa mitandao ya kijamii, pamoja na aina ya leseni iliyotengwa kwa ajili yake. Maana yake ni kwamba kikundi cha mtaa hakilazimiki kujipima na leseni za kampuni kubwa. Lakini leseni bado inahitajika. Mtu akivuta waya na kuwauzia majirani intaneti bila leseni, mtandao huo unaweza kuzimwa siku yoyote na pesa zenu zikapotelea humo.

Kuna ruhusa nyingine pia. Waya ukipita kwenye eneo la hifadhi ya barabara, lazima mwenye barabara aridhie: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa za mijini, KeRRA kwa za mashambani, na serikali ya kaunti kwa zile zilizo chini yake. Wengi huruka hatua hii. Halafu barabara inapopanuliwa, tingatinga linang'oa waya na hakuna wa kulipa fidia.

Kuhusu aina ya chama, mna njia zaidi ya moja. Chama cha kawaida kilichosajiliwa kama kikundi cha kijamii kinatosha kuanzia mazungumzo na kukusanya watu. Mkifika mahali pa kumiliki mitambo ya thamani na kuuza huduma, chama cha ushirika kinafaa zaidi, kwa sababu sheria yake inajua habari ya hisa, ukaguzi wa hesabu, mkutano mkuu na kura moja kwa kila mwanachama. Kampuni ya kawaida nayo inawezekana, lakini huko kura hufuata wingi wa hisa: mwenye hisa nyingi ndiye mwenye kauli. Ongeeni na afisa wa ushirika wa kaunti yenu kabla ya kuamua.

Tupige hesabu

Takwimu zifuatazo ni za kujifunzia tu. Nyinyi mtaweka zenu baada ya kupata bei kutoka kwa wauzaji angalau watatu.

Tuseme mtaa una nyumba 120. Kila nyumba inanunua hisa za shilingi 12,000. Mtaji unakuwa shilingi 1,440,000. Huo ndio wa kulaza waya na kununua swichi, kabati la mitambo, betri za umeme ukipotea, na ruta za nyumbani.

Baadaye kila nyumba inalipa shilingi 1,500 kwa mwezi. Nyumba 120 zikilipa zote, mnapata shilingi 180,000. Matumizi ya mwezi tuyaweke hivi:

- Laini kuu ya kuwaunganisha na intaneti ya nje: 80,000
- Fundi: 35,000
- Umeme na kodi ya chumba cha mitambo: 10,000
- Akiba ya ukarabati: 20,000

Jumla ni 145,000. Mnabaki na 35,000. Vizuri.

Sasa tuje kwenye maisha halisi. Januari imefika, karo za shule zimebana, na nyumba 30 hazijalipa. Nyumba 90 zinaleta 135,000. Mmepungukiwa na 10,000, na mwenye laini kuu hasikii habari za Januari. Mtandao unazimwa kwa wote, hata waliolipa. Waliolipa wanakasirika, na mwezi unaofuata nao wanachelewesha. Hivi ndivyo mradi mzuri unavyokufa bila mwizi yeyote kuingia.

Ukigawanya 145,000 kwa 1,500 utaona kwamba mnahitaji nyumba 97 zinazolipa kila mwezi ili msizame. Hiyo ndiyo nambari ya kubandika ukutani. Kabla ya kuchimba, jiulizeni: tuna nyumba 97 ambazo kweli zitalipa, mvua ije jua liwake? Kama mna 60 tu, punguzeni mradi, pandisheni ada, au subirini. Kusubiri ni nafuu kuliko kufukua.

Msiiguse ile akiba ya ukarabati. Shilingi 20,000 kwa mwezi ni 240,000 kwa mwaka. Siku radi itakapochoma swichi, au mtu anayechimba msingi wa nyumba atakapokata waya, hamtaanza harambee nyingine. Mtu akiwaambia tuigawane Desemba kwa sababu imekaa tu, mkumbusheni imekaa kwa nini.

Jambo moja zaidi: hisa za mtandao wa mtaa si njia ya kutajirika. Mkifanikiwa, faida yenu kubwa ni intaneti nzuri kwa bei mnayoipanga wenyewe. Anayewaahidi faida nono kila mwezi kwenye faiba ya nyumba 120 hajapiga hesabu kama hii, au ameipiga na hataki muione.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutuma pesa

1. Pesa hii ni ada, mchango au hisa? Jibu liwe kwa maandishi.
2. Waya, paipu na mitambo vitaandikwa kwa jina la nani? Risiti za kununulia zisome jina la chama, si la mwenyekiti wala la fundi.
3. Mwanachama ana kura ngapi? Kama ni kulingana na hisa, mtu mmoja asije akanunua nusu ya mtaa.
4. Mali inaweza kuuzwa kwa uamuzi wa nani? Katiba itaje mkutano mkuu na idadi ya kura zinazohitajika.
5. Nikihama itakuwaje? Je, naweza kumhamishia mpangaji au mwenye nyumba anayefuata hisa zangu? Swali hili ni muhimu hasa kwenye ploti za kupanga, ambako aliyelipa leo huenda mwakani hayupo.
6. Leseni na ruhusa za barabara ziko wapi? Muombe nakala, na mthibitishe kwenye ofisi zilizozitoa.
7. Tusipofikisha idadi tunayohitaji, pesa zitarudishwa? Ndani ya siku ngapi, na kwa njia gani?
8. Aliyechimba au kutoa ardhi yake ataandikiwa nini? Kama ni hisa, mkubaliane bei ya mita kabla ya jembe la kwanza.

Mratibu mwaminifu hataudhika kwa maswali haya. Atashukuru, kwa sababu majibu yake ndiyo yatakayomlinda yeye mwenyewe lawama zitakapoanza.

Namna salama ya kukusanya na kulipa

Hapa sasa ni kwenye uwanja wetu, na tunaomba utusikilize vizuri.

Msikusanye kwa nambari ya mtu binafsi. Hata awe mweka hazina anayeaminika vipi, pesa za mtaa zikichanganyika na za unga wake, hesabu itapotea bila mtu kuiba. Fungueni akaunti ya chama na nambari ya Paybill kwa jina la chama. Kabla ya kuweka PIN, kila mmoja asome jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa si la chama, asitishe.

Tumieni nambari ya akaunti kutenganisha pesa. Mfano, nyumba ya 14 ikilipa hisa iandike 14H, na ikilipa ada ya mwezi iandike 14A. Mpango mdogo kama huo unamaliza ugomvi mwingi, kwa sababu taarifa ya malipo itaonyesha wazi mtaji ni upi na ada ni ipi. Pesa za hisa zisitumike kulipia laini kuu ya mwezi.

Pesa zisitoke kwa mkono wa mtu mmoja. Wekeni watu watatu, na wawili kati yao lazima waidhinishe kila malipo. Wasiwe wa familia moja.

Kila mwisho wa mwezi, mweka hazina aweke taarifa ya malipo kwenye kikundi: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Asiyesoma taarifa kwenye simu asomewe mkutanoni. Na wewe mwenyewe tunza ujumbe wa kuthibitisha malipo. Nakili msimbo wake kwenye daftari la nyumbani, kwa sababu simu huibiwa na ujumbe hufutika.

Muuzaji wa vifaa alipwe kwa hatua, si zote mara moja: sehemu mnapoagiza, sehemu vifaa vikifika na kukaguliwa, na zinazobaki mtandao ukishafanya kazi. Fundi anayetaka zote mapema hana sababu ya kurudi.

Na jihadharini na haraka. Matapeli wanapenda maneno kama "nafasi zimebaki tatu" na "mwisho ni leo saa sita". Mtaro haukimbii. Hakuna mtu wa faiba anayehitaji PIN yako wala nambari ya siri inayotumwa kwenye simu yako. Akiomba, kata simu na utoe taarifa.

La kufanya wiki hii

Kama mtaa wenu umeanza kuzungumzia faiba, usiende mkutanoni ukiwa na pesa kwanza. Nenda na karatasi yenye maswali manane tuliyoorodhesha. Waombe majirani mkubaliane juu ya mambo mawili tu siku hiyo: mnataka kuwa wateja au wamiliki, na mko nyumba ngapi zinazoweza kulipa kila mwezi.

Mkiamua kuwa wateja, tafuteni kampuni nzuri, linganisheni bei, na mlipie huduma mkiwa na amani. Mkiamua kuwa wamiliki, anzeni na daftari la wanachama na katiba, kisha leseni na ruhusa, kisha pesa, na mtaro uje mwisho. Mkianza na mtaro mtajikuta mnajadili umiliki wakati waya uko chini ya ardhi na pesa zimeshatumika, na wakati huo mwenye risiti ndiye atakayekuwa na neno la mwisho.

Mshirikishe jirani yako somo hili, hasa yule aliyeambiwa aache kuuliza maswali.